Jiwe la Famau

Famau ana mizani, na jiwe la kugongea,
Hukaa Lamu, Langoni, sikio kalitegea.
Reale ya Shamu, chini! Sauti yaogelea.
“Hii kazi ya makini, fundi hakuikosea.”

Yaja zamu ya rupia, ukingo umenyolewa,
Meno yamepungukia, uzani imeibiwa.
Hela ya shaba, sikia: taji halijachezewa,
Lakini haikulia, kama bubu kasemewa.
Shilingi ya leo pia, nyepesi, nusura hewa.

Nampa senti ya mama, ya tundu, haisomeki.
Mlio ulipozama, kasema, “Haiuziki.”
Utotoni, nina homa, shingoni haibanduki;
Kigwe jana kilikoma, nafunga, hakifungiki.
Famau kanitazama, kanipa uzi, hacheki.