Alama ya Kuuliza

Kwenye ramani ana nukta tatu tu:
moja Marafa, moja nyuma ya Gongoni,
ya tatu imeandikwa "Witu?" kwa penseli,
na ile alama ya kuuliza
imekolea kuliko jina.

Jina la kwetu hana. Ni panzi, basi,
kama mtu kuitwa mtu.
Rangi yake jani la muhogo lililokosa mvua,
shavuni mstari mweupe, chaki iliyoteleza,
na mbawa fupi, mikono ya kanzu
ya mtoto aliyerefuka kabla ya Idi.
Kiswahili kimempa neno moja, kuruka,
la miguu na la mbawa.
Yeye kachukua nusu.

Kwa hiyo daftari la ofisi, hapa Malindi, linasema:
*kusini mwa Sabaki hayupo.*
Nimelinakili hilo miaka tisa, kwa mwandiko mzuri.

Jumanne akaja Mbeyu wa Jilore,
tope la palizi bado kisiginoni,
na chupa ya dawa ya kikohozi,
kifuniko kakitoboa kwa mwiba.
"Yuko kwenye mikorosho yetu," akasema,
"tangu nina akili."

Nikamwonyesha mto kwenye ramani,
ule uzi wa buluu.
Akautazama kama mtu aliyeonyeshwa picha mbaya ya nduguye.
"Mto wenyewe mwekundu," akasema.
"Huyu amevukaje?" nikauliza.
"Mimi nilivuka mgongoni mwa mama. Mpaka leo sijui kuogelea."

Kisha, huku akifuta kisigino kwa kisigino,
akakumbuka kopo la samli,
ndani yake mche wa mkorosho na udongo wa Marafa,
bibi yake amelikumbatia katikati ya maji,
akikataa kupokewa.

Udongo. Panzi hutaga udongoni.
Sikusema kitu. Huenda ndivyo, huenda sivyo;
huenda walikuwa Jilore siku zote
na aliyechora ramani alichoka mtoni,
akala chakula chake, akarudi.
Nukta haionyeshi panzi alipo.
Inaonyesha mtu alipoinama.

Nikaweka ya nne. Kalamu yangu nene:
wino ukafunika shule, kisima,
na shamba lote la kina Mbeyu.
Mbele yake, kwa penseli, nikaongeza alama ya kuuliza.

"Hiyo ya nini?" akauliza.
"Na mimi nimekuja kwa miguu yangu!"

Nikaifuta.
Akaniomba chupa yake.