Neno lenye herufi nne

Jumatatu, kidato cha kwanza B,
nimeliandika ubaoni, nikalitamka: haidi.
Maana yake, nikasema, ni ficha.
Wakaandika. Wao huandika chochote.
Ningesema maana yake ni kabichi, wangeandika kabichi.

Ila Leukadi, dawati la nyuma,
kando ya dirisha linaloonyesha mlima siku mlima ukitaka
(leo haukutaka, umejivuta shuka hadi kidevuni),
akanyoosha mkono bila kusimama.
"Mwalimu, haidi ni ngozi.
Mjomba ananunua za mbuzi machinjioni,
kwenye risiti wanaandika hivyo: haidi, kumi na nne."

Darasa likacheka. Nikafungua kamusi,
na kweli, namba moja, ficha,
na chini yake, kama mtu aliyejibanza nyuma ya mwenzake,
namba mbili: ngozi ya mnyama, iliyochunwa.

Baba angelijua hili bila kamusi.
Miaka kumi na tisa kiwandani, hapa hapa Moshi,
kwenye mapipa ya chokaa na magome ya muwati,
alirudi Pasua na harufu ambayo mama
aliipiga vita kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, kwa majivu,
kisha akaizoea,
kisha, baba alipostaafu, akawa anaitafuta kwenye makoti.

Desemba moja tulikuwa tunacheza kombolela.
Mimi nilikuwa chini ya kitanda chao, pumzi nimeibana.
Akaingia, akarudishia mlango, akavua shati:
kipande cha ngozi, kimefungwa mgongoni kwa kamba ya katani,
na kamba imemla nyama.
Alificha ngozi kwa ngozi.
Kiingereza kingelisema hilo kwa neno moja, mara tatu.

Januari tukaenda shule na viatu, jozi tatu,
yangu, ya Ndealilia, ya Anaeli,
vyote vinanuka kama yeye.
Sikuuliza. Hakusema.
Wahenga wanadai mficha uchi hazai.
Huyu alizaa watatu, na hakuna aliyekwenda peku.

Miaka ikapita. Siku ya tatu ya matanga,
mzee Kisanga, Mpare wa Usangi,
aliyekuwa akiwapapasa wote getini saa kumi na nusu,
akaniita, sahani ya wali magotini.
"Baba yako," akasema, "kila Desemba mgongo wake ulinenepa.
Nikipitisha mkono, nauacha hapo kidogo,
namwambia, Meku, vaa sweta, baridi ya mlimani inashuka."
Akala tonge.
"Unajua, binti, kuficha ni kwako mwenyewe.
Ila kusitiri..."
Wakaja na mchuzi. Akaongezewa.
Hakuirudia tena ile sentensi, na Machi naye tukamzika.

Nimelitafuta sitiri kwenye kamusi ile.
Inanirudisha kwa haidi.
Inanipa funika, kama vile sufuria.
Inanipa linda, kama vile benki.
Hakuna humo neno linalopapasa mgongo wa mtu,
likajua,
likamwambia avae sweta.

"Mwalimu!" Ni Prosista, kiranja, kalamu hewani.
"Leukadi amejibu amekaa!
Sheria ni kusimama!"

Nilishaiona tangu asubuhi:
kiatu kimoja kimekazwa kwa waya wa umeme,
mguu wa pili kandambili, ya kike, ya waridi,
yote miwili imekunjwa mbali chini ya benchi
kama watoto wawili wa kombolela
wanaoomba asihesabu haraka.

"Leukadi anaumwa mguu," nikasema.
"Aliniambia. Haya, namba mbili: ngozi."

Wakaandika.
Yeye hakuniangalia.
Alikuwa ameelekea dirishani,
pale ambapo mlima ungekuwa.