Nalala Duga, Jasho Langu Lungalunga

Dirisha la tatu, ofisi ya mapato, Tanga mjini.
Bwana Kiango anageuzageuza kitambulisho changu
kama papai asiloliamini.
"Unaishi wapi, Mwanasha?"
Duga Maforoni.
"Kazi?"
Lungalunga. Zahanati, chumba cha maabara.
Anaiweka kalamu chini.

Nimekuja na bahasha:
hati kumi na mbili za mshahara,
ya Machi ina doa la zambarau, dawa ya kupimia malaria.
Kila moja ilikwishakatwa hukohuko
kabla mkono wangu haujaigusa.
Shilingi ya kule na shilingi ya hapa, jina moja,
kama watoto wa wake wenza:
mmoja kashiba.

"Sheria inauliza unakolala," anasema.
Kulala!
Saa kumi na moja alfajiri niko Horohoro, pasi mkononi.
Saa mbili usiku narudi nanuka spiriti.
Kitanda kinanijua mgongo tu.

Baba tulimzika Vanga, bibi yuko Moa.
Hawakuvuka kitu;
mpaka ndio uliowapitia
wakipalilia mihogo.

Kisanduku cha fomu ni kimoja: Mahali pa Makazi.
"Duga" linaenea.
"Maforoni" linabaki nje, juani.

"Lete cheti cha kule kwamba ulilipa,
tukupunguzie huku. Bila cheti, mama,
utalipa mara mbili."
Cheti nimekiomba tangu Mfungo Sita.
Kule wanataka kwanza barua kwamba naishi huku.
Huku wanataka kwanza cheti kwamba nililipa kule.
Ofisi mbili zimekutana mlangoni,
tangulia wewe, la, wewe,
na mimi nyuma yao na bahasha.

Kiango anatazama kushoto, anainamia kioo:
"Mke wangu anafundisha Wete.
Kila Juni tunagombana kwa ajili ya makaratasi haya haya."
Kisha anagonga muhuri wa IMEPOKELEWA
juu ya karatasi ambayo haijapokelewa popote.

Kesho Alhamisi, zamu ya asubuhi.
Pale Horohoro Bi Mbodze ataniuzia chapati mbili.
Nitampa noti ya kule, atanirudishia sarafu za hapa,
hesabu ataipiga kichwani huku anageuza nyingine kikaangoni.
Miaka saba, hajakosea hata senti,
wala hajaniuliza nalala wapi.

Nimewaza nimpelekee fomu.