Tundu la Wembe

Hodi, mwalimu Gwimile.
Ni mimi Bukuru wa darasa la tano, pacha wa Butoyi.
Nimesimama hapa nje ya uzio wako wa matete
tangu treni ya mizigo ilipopiga honi kuondoka Uvinza,
na maneno niliyoyapanga njiani
yamemwagika nyuma yangu
kama chumvi ya gunia lililotoboka.

Nianze na hesabu, maana hesabu ndiyo iliyoanza.
Magunia arobaini na nane ya chumvi,
kila gunia kilo sabini na tano.
Nilizidisha kwa nane, nikapata mia sita.
Nikazidisha kwa nne (nilisahau kwamba ile nne
si nne, ni arobaini iliyovaa shati fupi)
nikapata mia tatu. Nikajumlisha.
Mia tisa.

Na mimi ni mtoto wa mpakia mabehewa!
Baba hurudi jioni mgongo mweupe.
Kwa hesabu yangu
robo tatu ya siku yake hailipwi.

Butoyi alipata.
Tulizaliwa usiku mmoja, mimi nikatangulia,
kwa hiyo mama akisema, "Leteni madaftari,"
mkono wake huja kwangu kwanza.

Wembe nilikuwa nao, nusu, wa kuchongea penseli.
Niliikwangua mia tisa polepole,
karatasi ikatoa unga, nikaupuliza.
Nikaandika elfu tatu na mia sita
kwa mwandiko uliotulia
kuliko wote niliowahi kuandika.
Kisha nikanyoosha kidole:
"Mwalimu, umenikosesha."

Ulikuja. Ulilichukua daftari,
ukaliinua usawa wa dirisha.
Mwanga ulipita.
Niliuona, mwalimu: nukta ya jua
imetua shavuni mwako, ndogo kama punje ya ulezi.
Watoto themanini na wawili, kimya.

Ukasema, "Samahani, Bukuru. Macho yangu haya."
Ukaweka tiki.

Samahani. Wewe. Kwangu.

Tangu Jumanne natembea nayo
kama chenji iliyozidi,
ile ambayo mwenye duka hajagundua,
au amegundua
na anangoja aone kama utarudi.
Butoyi hajasema neno.
Tukifika kwenye reli ananipisha tu nitangulie,
kama mkubwa anavyotangulia siku zote,
na mimi natangulia
huku kisogo kinawaka.

Basi nimeirudisha. Chukua, ni yako.
Ile mia tisa siiombei radhi;
mia tisa niliikosa kwa akili yangu mwenyewe.
Naombea radhi lile jibu jingine,
lile lililo sahihi.

Unaweka chini sufuria ya mihogo.
Unajifuta mikono kwenye kitenge.
Huniulizi kwa nini,
wala hunitajii baba.
Unaokota kijiti, unanipa, unaonyesha mchanga:
"Magunia thelathini na sita. Kilo themanini na tano."

Nachuchumaa.
Sita, naandika, nabeba.
Tatu, na safari hii naikumbuka sifuri yake,
naiweka pale mwisho, duara safi,
nakuangalia kidogo uione.
Najumlisha.
Elfu mbili na sitini.

Unainama. Unatazama muda mrefu
kama uliotazama siku ile dirishani.
"Elfu moja umeiacha wapi?"

Naitafuta chini, kweli naitafuta,
kama mtu aliyedondosha sarafu,
na kuku wako mweusi anapita katikati ya jibu,
anafukua hapo kwenye mbili,
anakwenda zake.

"Afadhali," unasema. "Kaa."
Unanisogezea kigoda.
Mihogo inanukia.
Sijui kama nimesamehewa.
Nafuta mchanga kwa kiganja.
Sita mara tano.

Thelathini. Naandika sifuri.
Nabeba tatu.