Herufi M

Wakili wa Isevya amegonga muhuri,
wino umevujia jina: Milembe.
Elfu ishirini, na ya chai kwa mpiga chapa.

NIDA, dirisha la pili,
dada anasoma kiapo huku anamenya karanga.
"Jina, sawa. Jinsi, mfumo haukubali."
Haniulizi zaidi.
Ananisogezea karanga tatu.

Natia sahihi ileile ya darasa la saba:
M, mkia mrefu, nukta.
Masanja alikuwa nayo. Hakuidai.

Nje, vumbi la Tabora, madumu ya asali juani.
Kwenye fomu ME bado imekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.

Simu. Mama, toka Urambo:
"Milembe, umekula?"

Nina chumvi vidoleni.
Nimekula, mama.