Dhamana ya Miezi Mitatu

Ilikuwa Agosti, saa saba mchana, juu ya paa, Mabela.
Bisibisi niliyoisahau juani dakika mbili
iliniunguza kiganja. Nikakipuliza kama uji.
Chini, Bi Zuwena binti Hilali
akaita kwa Kiswahili chake cha Unguja:
"Fundi! Imekufa au imezirai?"

Imezirai, bibi. Gesi imevuja.
Nikapaka povu la sabuni kwenye mrija wa shaba,
nikangoja. Povu halina haya,
halijui kusitiri: penye tundu, linatokota.
Laiti ningalilipaka duka langu la vigae,
nikaona riali zinakopenyea,
kabla sijaandika hundi ya kwanza,
na ya pili ya kuifukia ya kwanza,
na ya tisa.

Zilirudi zote, kama paka waliotupwa mbali.
Hakimu akataja jumla. Akauliza: dhamana?
Nikageuka kutazama viti vya nyuma.
Ami zangu walikuwa wanasoma dari.

Miaka miwili na miezi mitano.
Ufundi nimeupatia huko, kwa Mutalibu, Mbangali,
aliyekuwa akifungua kiyoyozi kibovu cha karakana
na kunieleza kwa Kiarabu cha kuungaunga:
baridi haitengenezwi, ndugu,
ni joto tu linatolewa nje.
Nililala na neno hilo usiku mwingi.

Bi Zuwena alikuwa ameshauliza, mtoto wa nani wewe?
Nikamtajia. Akanyamaza.
Kisha nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili:
chumba cha ndani.
Ningependa kusema sikuumia.
Niliumia. Lakini mrija ulikuwa unangoja kuchomelewa.

Mashine ikakohoa, ikashika.
Akauweka mkono kwenye upepo, muda mrefu,
halafu akaleta daftari la mjukuu wake:
"Andika dhamana. Miezi mitatu. Na sahihi yako."

Sahihi.
Tangu zile hundi sikuwahi kuiweka popote;
hata siku ya kutoka nilibonyeza dole gumba.
Jina likatoka limepinda, la mtoto wa darasa la kwanza:
Mimi, Mabruki bin Khalfani,
niliyekosa mdhamini,
nakidhamini kiyoyozi hiki.
(Mstari wa kati sikuuandika.)

Kule ndani siku nilizichora ukutani.
Hizi tisini nilizihesabu kwa tumbo,
kila simu ilipolia.

Leo ya tisini na moja. Imelia. Ni yeye.
"Fundi, ile inavuma vizuri. Sasa ya jikoni.
Mimi nipo Ibra, arusini. Ufunguo uko kwa jirani.
Chumba cha ndani nimekifunga, usinune."

Sikununa.
Nilicheka peke yangu garini
mpaka taa ikawa kijani,
na Mabela nzima nyuma yangu ikapiga honi.