Jina la Kukodi

Mimi ndiye Kapteni Dilawar wa tatu.
Wa kwanza alikufa kwa ini, wa pili kafungua duka la vigae,
na wa nne, nasikia, anajaribiwa tayari
kule chini, karibu na mashine za chapa.
Jina si letu. Ni la Bwana Tyagi wa Meerut,
kalisajili kama mtu anavyosajili sabuni.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ina kurasa mia mbili na arobaini,
zisizidi, zisipungue, karatasi imeshakatwa.
Maiti ya kwanza ionekane kabla ya ukurasa wa kumi.
Na mwanamke wa jaladani lazima atokee ndani,
maana Pyarelal mchoraji hunitangulia:
yeye huchora, mimi hutafuta sababu.
Mwezi wa Machi alinipa mwanamke wa gauni jekundu
kasimama juu ya bawa la ndege, bastola mkononi, miguu mitupu.
Siku tatu nilikaa najiuliza viatu vimekwenda wapi.
Riwaya nzima ikatoka humo, ndani ya viatu visivyokuwepo.

Watu hudhani kazi hii ni kuongopa.
Kuongopa nani hawezi? Kazi ni kuukumbuka uongo.
Ukimvunja jambazi mkono wa kushoto sura ya nne,
sura ya tisa asiupigie tabla.
Barua zitakuja. Yuko mkaguzi wa reli huko Jhansi
huniandikia kila toleo kwa wino wa kijani:
"Kapteni, treni ya saa nne usiku haisimami Bina."
Tangu hapo treni zangu zote hufika kwa wakati,
na katika vitabu vyangu vyote
hakuna uongo mkubwa kuliko huo.

Naandika usiku, binti yangu kalala nyuma ya pazia.
Asubuhi Sarla husoma huku akikata bamia.
Hasemi nzuri, hasemi mbaya.
Kisu kikisimama, najua pale pana kitu.
Kisu kikiendelea, nachana ukurasa.
Mhariri mwingine sijapata.

Malipo ni rupia elfu tatu, taslimu,
ndani ya bahasha iliyokwisha tumwa kwingine.
Kitabu kikiuza nakala laki moja, Tyagi hununua gari,
mimi hununuliwa chai.
Mara moja tu nilimwomba aliweke jina langu,
hata kwa herufi za ukubwa wa sisimizi,
hata kule nyuma, chini ya anwani ya mpiga chapa.
Hakukasirika. Aliniangalia kwa huruma kabisa.
"Omvir," akasema, "nani atapanda treni na Omvir?"

Juzi nilipanda ya Saharanpur.
Mbele yangu akaketi muuza pampu za maji,
begi magotini, kaniambia bila kuulizwa
kwamba anashuka Muzaffarnagar, mteja anamngoja.
Kisha akatoa namba sitini na moja. Yangu. Ya miguu mitupu.
Alisoma akilamba kidole, midomo ikicheza.
Nilijua alipofika, kwa unene wa kurasa zilizobaki:
pale dereva mzee anapouawa
na kandambili zake zinabaki mlangoni,
moja imegeukia ndani, moja nje.
Zile ni za kaka yangu. Sikuzibuni.
Nilizikuta hivyo, siku tuliyorudi kutoka kumchoma,
nikazihifadhi miaka sita nisijue pa kuziweka,
hadi Tyagi alipodai kurasa nne za nyongeza.

Yule bwana akaacha kulamba kidole.
Akatazama nje, miwa, miwa, miwa,
akapenga kamasi, akarudi kitabuni.
Nikashindwa kuvumilia. "Ni kizuri?"
"Takataka," akanijibu, macho hakuyainua.
"Tafadhali, usinisumbue."

Muzaffarnagar ikaja, wauza karanga wakapiga kelele dirishani,
Muzaffarnagar ikapita.
Sikumwambia.